Msimu mmoja, miji miwili: Fundisho la biashara ya barafu kwa mwenye bidhaa inayooza

OKTOBA 2009, timu 20 za ligi ya kulipwa ya hoki ya barafuni iitwayo ECHL zilianza msimu mpya nchini Marekani, na moja kati ya hizo ikitokea Kanada. Katika orodha hiyo zilikuwamo timu mbili ambazo mwenendo wake unafaa kuangaliwa na kila mtu anayeishi kwa kuuza kitu kisichoweza kuwekwa ghalani.

Ya kwanza ni Johnstown Chiefs, timu ya mji mdogo wa milimani katika jimbo la Pennsylvania, mji uliojengwa na viwanda vya chuma. Ilikuwa inaanza msimu wake wa 22 katika ligi hiyo. Ya pili ni Toledo Walleye wa jimbo la Ohio. Hawa walikuwa wanaanza msimu wao wa kwanza kabisa, ndani ya jengo jipya lililogharimu dola milioni 105.

Timu zote mbili zilicheza mechi 72, zikafuata sheria zile zile, zikabanwa na kikomo kile kile cha mishahara. Msimu ulipofungwa, Toledo walianza kuuza tiketi za mwaka unaofuata. Johnstown walifunga mizigo, na timu ikahamishiwa mji mwingine moja kwa moja.

Ni rahisi kusema kwamba mmoja alikuwa na fedha na mwenzake hakuwa nazo. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini haliwasaidii wengi. Ukiifungua hesabu ya msimu ule, unaona mambo ambayo mwenye shamba la nyanya, mwenye ng'ombe wa maziwa na mwenye kibanda cha samaki anakutana nayo kila wiki.

Mchezo wenyewe

Hoki ya barafuni ni ndugu wa mpira wa magongo tunaoufahamu, isipokuwa unachezwa juu ya barafu. Kila upande unakuwa na watu sita uwanjani akiwamo mlinda mlango. Wachezaji huvaa viatu vyenye kisu cha chuma chini yake, na badala ya mpira hupiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja.

Kwa Afrika Mashariki mchezo huu si mgeni kabisa. Mwaka 2005 hoteli ya Panari jijini Nairobi ilifungua uwanja mdogo wa barafu, na hapo ndipo vijana wa Kenya wanaojulikana kama Ice Lions walipojifunzia.

Huko Marekani uwanja wa kawaida una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Barafu yake si nene kama wengi wanavyodhani, ni sentimita chache tu. Inamwagwa tabaka kwa tabaka juu ya sakafu ya saruji ambayo ndani yake hupita mabomba ya maji maalumu yenye baridi kali. Mitambo ya kupooza ikizimwa, uwanja unarudi kuwa dimbwi. Kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi Aprili umeme unalipiwa usiku na mchana, iwe kuna mechi au hakuna.

Juu kabisa ya mchezo huu kuna ligi kuu ya NHL, yenye wachezaji wanaolipwa mamilioni. Chini yake kuna AHL, kisha ECHL. Ligi hii ya tatu inaweza kulinganishwa na kitalu cha miche. Timu za juu huleta vijana wao wakomae huko, na wakishakuwa tayari huchukuliwa. Mlinda mlango Jonathan Quick alipita katika timu ya ECHL ya Reading msimu wa 2007-08. Miaka minne baadaye, mwaka 2012, alitwaa kombe la NHL akiwa na Los Angeles Kings na kuchaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano.

Tofauti na soka, mwenye kitalu hapati ada ya uhamisho mche unapong'olewa. Mchezaji akiitwa juu Ijumaa asubuhi, jioni hayupo, na kocha anatafuta mwingine wa kuziba nafasi. Timu ya ngazi hii haiwezi kutegemea kuuza wachezaji. Inaishi kwa kuuza viti.

Kiti kisichouzwa leo kimeoza leo

Timu inayocheza mechi 72 hucheza nusu yake nyumbani, yaani 36. Hizo ndizo siku zake za gulio kwa mwaka mzima. Siku nyingine zote 329 ni za matumizi.

Ukumbi wa Johnstown, uliojengwa na kaunti ya Cambria na kufunguliwa mwaka 1950 kuwakumbuka waliokufa vitani, una viti takriban 4,000. Ukizidisha mara 36 unapata viti 144,000 vya kuuza kwa msimu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila kiti kinauzwa dola 15 na kwamba wastani wa ukumbi ni nusu tupu. Viti 72,000 vitakuwa vimeoza, na dola 1,080,000 zitakuwa hazikuingia.

Hapa ndipo kiti kinapofanana na tenga la nyanya. Mwenye mahindi bei ikiwa mbaya anaweza kuyarudisha ghalani akasubiri. Mwenye nyanya hana nafasi hiyo. Mwenye kiti ana nafasi ndogo zaidi, kwa kuwa nyanya angalau inaweza kuuzwa kesho kwa bei ya hasara. Kiti cha Jumamosi usiku hakiuzwi Jumapili kwa bei yoyote.

Aidha, siku za gulio hazilingani. Ijumaa na Jumamosi familia hutoka, watoto hawana shule kesho yake, na wafanyakazi wameshalipwa. Jumanne usiku, theluji ikiwa barabarani, ni vigumu kumtoa mtu nyumbani. Timu inayopewa Jumamosi nyingi na timu inayopewa Jumanne nyingi zinaweza kuwa na wachezaji sawa, lakini mapato yasikaribiane.

Gharama kwa upande wake hazijali watu wangapi wamekuja. Basi la kwenda ugenini hutumia mafuta yale yale. Magongo ya kisasa, ambayo moja linaweza kufikia dola 200 na zaidi, huvunjika kila wiki. Klabu huwapangishia wachezaji nyumba. Bima ya ajali kazini kwa watu wanaogongana kwa mwendo wa kasi ni kubwa. Kuna waamuzi na kuna michango ya ligi.

Mshahara wa mchezaji mmoja mmoja si mkubwa. Hulipwa kwa wiki, kwa mamia ya dola badala ya maelfu, na msimu ukiisha nao unaisha, hivyo wengi hutafuta kibarua wakati wa kiangazi. Ligi imeweka kikomo kwa jumla ya mishahara ya timu ili mwenye fedha asiwameze wengine. Kutokana na kikomo hicho, tajiri hawezi kununua ubingwa kirahisi. Anayetaka kushinda wenzake kibiashara lazima ashindie kwenye kuuza.

Mwaka wa tahadhari

Msimu wa 2009-10 ulianza katika hali ya wasiwasi. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka uliotangulia. Desemba 2008 timu mbili za ligi hiyo, Augusta Lynx na Fresno Falcons, zilikufa katikati ya msimu. Wachezaji waliamka wakiwa hawana kazi, na walionunua tiketi za msimu wakabaki na karatasi mkononi.

Tukio la namna hiyo huumiza ligi nzima. Mteja aliyelipa kabla na asipate alichokilipia huwa mgumu kulipa kabla mara ya pili, hata kwa muuzaji mwingine. Wafugaji waliowahi kupeleka maziwa kwenye kiwanda kilichofungwa bila kuwalipa wanalielewa jambo hili.

Johnstown: Soko lililokuwa likihama

Johnstown unafahamika Marekani kwa mambo matatu: mafuriko, chuma na hoki. Mafuriko ya Mei 31, 1889, bwawa lilipopasuka juu ya mji, yaliua watu 2,209. Chuma kilianza na kampuni ya Cambria Iron mwaka 1852, na baadaye kiwanda kikawa cha Bethlehem Steel. Kwa miongo mingi mtu aliyemaliza zamu kiwandani alikuwa na mshahara wa uhakika na ukumbi wa karibu wa kutumia sehemu yake.

Timu ya mji ya miaka ya 1970, Johnstown Jets, ilikufa mwaka 1977, mwaka ambao mafuriko mengine makubwa yaliukumba mji. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya Slap Shot, iliyopigwa mjini hapo na kuigizwa na Paul Newman, ikihusu timu ya hoki inayokaribia kufa kwa sababu kiwanda cha mji kinafungwa. Timu mpya ilipoanzishwa mwaka 1988, ilipewa jina la Chiefs kutoka kwa timu ya kwenye filamu hiyo. Mwaka huo Chiefs wakawa moja ya timu tano zilizoanzisha ligi ambayo leo ni ECHL, na katika msimu wa kwanza walifika fainali wakafungwa na Carolina Thunderbirds katika mechi ya saba.

Lakini soko lao lilikuwa linayeyuka. Mwaka 1940 mji ulikuwa na watu zaidi ya 66,000. Mwaka 1983 ulitajwa kuwa na kiwango kikubwa kuliko vyote Marekani cha watu wasio na kazi, zaidi ya asilimia 20. Bethlehem Steel walifunga shughuli zao mwaka 1992. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta watu wasiofika 21,000.

Hesabu yake ni nyepesi. Kama mkazi mmoja kati ya kila kumi angekuja kila mechi, jambo ambalo ni nadra katika biashara yoyote, ukumbi ungejaa nusu tu. Iliyobaki ilipaswa kutoka vijiji na miji ya jirani, kwa watu wa kuendesha gari usiku wa baridi. Wakati huo huo, upande wa magharibi katika jiji la Pittsburgh kulikuwa na Penguins, timu ya ligi kuu iliyokuwa imetwaa kombe la NHL Juni 2009. Mshabiki aliyebaki nyumbani aliweza kuwatazama mabingwa kwenye televisheni.

Si kwamba Chiefs walikuwa mikononi mwa watu wasioujua mchezo. Mmiliki wao mkuu, Neil Smith, ndiye aliyekuwa meneja mkuu wa New York Rangers walipotwaa ubingwa wa NHL mwaka 1994. Ujuzi wa kuchagua wachezaji ulikuwapo. Kilichokosekana ni wanunuzi, na ujuzi wa bwana shamba haumsaidii mkulima ambaye soko lake limehama.

Chiefs pia walikuwa wapangaji katika ukumbi wa kaunti. Mpangaji wa aina hii ana siku 36 za kuingiza fedha, na kiangazi kizima ofisi yake haina mechi ya kuuza. Ana zao moja, na zao hilo linavunwa kipindi kimoja.

Katika msimu ule wa 2009-10 Johnstown walikuwa miongoni mwa timu zenye watazamaji wachache kabisa katika ligi. Kabla msimu haujaisha, habari zikatoka kuwa timu itahamia Greenville, South Carolina. Walipocheza mechi ya mwisho walikuwa ndio waliobaki peke yao kati ya zile tano za mwaka 1988 waliokuwa bado na mji wao na jina lao.

Toledo: Walilaza shamba kwanza

Toledo nao hawakuwa katika neema. Ni mji wa viwanda vya vioo na magari ya Jeep, na mwaka 2009 zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na kazi. Mtu mwenye kupima hali ya hewa ya biashara asingeshauri kufungua ukumbi wa burudani mwaka ule.

Timu yao ya zamani, Toledo Storm, ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi hii mwaka 1993 na 1994. Ilichezea jengo chakavu la mwaka 1947, upande wa pili wa mto. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 2007. Hapo kaunti ya Lucas, kupitia shirika lisilogawana faida, ilikuwa imechukua leseni ya timu, na kwa ruhusa ya ligi ikaiweka kando. Majira mawili ya baridi yakapita Toledo bila hoki ya kulipwa.

Kwa macho ya haraka huo ulikuwa uzembe. Kwa mkulima ni jambo la kawaida, maana shamba lililochoka hulazwa. Katika miaka hiyo miwili jengo jipya lilijengwa katikati ya mji, jina jipya likachaguliwa, la samaki anayevuliwa kwa wingi katika Ziwa Erie na mto Maumee, na tiketi zikaanza kuuzwa kabla barafu haijamwagwa.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kaunti hiyo haikuwa mgeni katika biashara ya michezo. Tangu mwaka 1965 ilikuwa inamiliki timu ya besiboli ya Mud Hens, kwa mtindo huo huo wa shirika lisilo la kugawana faida. Mwaka 2002 timu hiyo ilihamia uwanja mpya katikati ya mji, hatua chache kutoka mahali lilipojengwa jengo la hoki.

Besiboli huchezwa kuanzia Aprili hadi Septemba, na hoki kuanzia Oktoba hadi Aprili. Ofisi moja inauza zote mbili. Mtu wa mauzo anayemtembelea mwenye duka la matairi Juni ana kitu cha kuuza sasa na kingine cha kuuza baadaye. Fundi wa matangazo, mhasibu na mkatisha tiketi wana kazi mwaka mzima, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwaachisha kila masika na kufundisha wapya kila vuli. Mteja naye hapotei kwa miezi sita. Hiki ni kilimo mseto: zao la masika na zao la vuli katika ardhi moja, kwa jembe moja.

Kaunti hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa nyuma ya timu na nyuma ya jengo. Siku za mechi, kodi na faida ya vinywaji ni mambo ambayo katika miji mingine huwa ugomvi kati ya mwenye ukumbi na mpangaji. Toledo mambo hayo yalijadiliwa ndani ya nyumba moja.

Msimu ulivyofungwa

Ubingwa wa msimu ule haukwenda Toledo wala Johnstown. Ulichukuliwa na Cincinnati Cyclones, walioifunga Idaho Steelheads katika fainali.

Walichokipata Toledo ni mazoea ya mteja. Watu walizoea kushuka mjini Ijumaa usiku, kula, kutazama hoki na kurudi nyumbani. Katika miaka iliyofuata kulikuwa na misimu ambayo wastani wa watazamaji wao ulipita 7,000 katika jengo lenye viti zaidi kidogo ya hapo. Walifika fainali mwaka 2019 wakashindwa na Newfoundland Growlers, mwaka 2022 wakashindwa na Florida Everblades, na mwaka 2025 wakashindwa na Trois-Rivières Lions. Fainali tatu bila kombe, na foleni ya tiketi haikupungua. Anayetembeza bidhaa sokoni atambue kwamba mteja hakununua ushindi. Alinunua jioni nzuri, kwa bei anayoimudu, mahali anapopafahamu.

Ushahidi wa upande wa pili unapatikana Greenville, mji uliowapokea Chiefs. Kabla yao kulikuwa na timu iitwayo Grrrowl, ambayo ilitwaa ubingwa wa ECHL mwaka 2002. Mwaka 2006 ilikuwa imekufa. Kombe lilikuwa kabatini, lakini hesabu hazikukubali. Timu iliyotoka Johnstown ilianza kucheza huko mwaka 2010 kwa jina la Road Warriors, na tangu 2015 inaitwa Swamp Rabbits.

Johnstown nao hawakuikataa hoki. Mwaka 2012 walipata timu ya vijana iitwayo Tomahawks, ambayo wachezaji wake hawalipwi mishahara kwa kuwa wanatafuta nafasi vyuoni. Ni biashara ndogo zaidi inayolingana na mji ulivyo sasa. Mwaka 2015 mji huo ulishinda shindano la kitaifa la Kraft Hockeyville, la kwanza kufanyika Marekani. Zawadi ilikuwa dola 150,000 za kukarabati ukumbi wao wa mwaka 1950 pamoja na mechi ya maandalizi ya timu za NHL, ambayo Pittsburgh Penguins walikuja kuicheza hapo Septemba mwaka huo. Mapenzi ya watu yalikuwapo siku zote. Kilichokuwa kikubwa kupita kiasi ni gharama za timu ya kulipwa juu ya mabega ya watu 21,000.

Tahadhari kabla ya kuiga

Ingekuwa makosa kutoka hapa na wazo kwamba dawa ni kujenga jengo jipya. Toledo ulikuwa na wakazi karibu 287,000 kwa sensa ya 2010. Mkazi mmoja kati ya 40 anatosha kujaza viti 7,000. Johnstown ulihitaji karibu mmoja kati ya watano kujaza 4,000. Jengo la dola milioni 105 likiwekwa Johnstown lingekuwa deni la watoto na wajukuu.

Vilevile fedha iliyojenga Toledo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya umma. Mfanyabiashara mdogo hana kaunti ya kumbebea mkopo. Tena hata mwenye nguvu anaweza kupigwa na lisilotazamiwa: Machi 2020 ligi nzima ilifuta msimu kutokana na ugonjwa wa korona, na Toledo walikuwa miongoni mwa timu zilizokaa nje msimu wote wa 2020-21. Aliyekuwa na mazao mawili alipoteza yote mawili kwa mwaka huo, maana besiboli ya ngazi yao nayo haikuchezwa 2020. Kilichowaokoa ni kuwa na mwenyewe asiyedai faida ya haraka, na wateja waliokuwa tayari kusubiri.

Ya kubeba nyumbani

Kwa mwenye shamba, mfugaji na mwenye duka, yapo mambo manne ya kupima kabla ya msimu ujao.

Kwanza, hesabu siku zako za gulio. Timu ya hoki inajua kuwa ina siku 36. Je, muuza maziwa anajua ni siku ngapi kwa mwaka ng'ombe wake wanatoa ziada, na ni siku ngapi anakula akiba? Andika namba hiyo, kisha gawanya gharama za mwaka mzima kwa siku hizo. Ndipo utakapojua kila siku ya gulio inapaswa kuleta kiasi gani.

Pili, uza kabla ya kuvuna panapowezekana. Tiketi ya msimu iliyouzwa Julai haijali timu itafungwa mara ngapi Januari. Makubaliano na shule, hoteli au mama lishe kabla ya mavuno hufanya kazi hiyo hiyo, hata kama bei ni ya chini kidogo. Ila anayelipwa kabla awe mwaminifu, kwa kuwa akikimbia na fedha anaharibu soko la wenzake pia.

Tatu, usiache jembe likae miezi sita. Tafuta zao au bidhaa ya pili inayotumia vifaa, watu na wateja wale wale ulio nao, yenye msimu tofauti. Ya pili isiyofanana kabisa na ya kwanza huongeza gharama badala ya kuzigawa.

Nne, pima ukubwa wa soko kabla ya kupima ubora wa bidhaa. Johnstown walikuwa na mmiliki aliyewahi kuongoza mabingwa, mashabiki wenye historia na jina lililotoka kwenye filamu maarufu. Vyote hivyo havikuziba pengo la watu waliohama mji. Soko likipungua, aliye mwangalifu hupunguza biashara mapema, akaishika iliyo saizi yake, kama Johnstown walivyofanya mwaka 2012. Anayesubiri hadi mtaji uishe huondoka bila kitu, na jina la duka lake hubaki kwenye kumbukumbu za wazee.

Barafu ya Toledo na ya Johnstown ilimwagwa kwa maji yale yale na kugandishwa kwa mitambo ya aina moja. Kilichotofautiana kilikuwa nje ya uwanja, katika daftari la mauzo, mkataba wa ukumbi na idadi ya watu waliokuwa wakipita barabarani. Vibaba vichache vilivyouzwa kwa hesabu vina heri kuliko gunia lililoozea sokoni.